Mwanga wa Papo kwa Papo na Swali la Mzee wa Uzbekistan

Andrei Tarkovsky, mwongozaji filamu wa Kirusi aliyefariki Paris tarehe 29 Desemba 1986, hakuwa mtu wa haraka. Katika Nostalghia, filamu aliyoipiga Italia na iliyotoka mwaka 1983, yumo mwanamume anayevuka bwawa lililokaushwa maji huku akiukinga mshumaa kwa kiganja. Mshumaa unazimika, naye anarudi alikoanzia. Anauwasha, unazimika tena, anarudi tena. Na kamera inamfuata hatua kwa hatua, bila kukata, kwa muda wa dakika kama tisa. Wapo watazamaji wanaosinzia hapo. Anayevumilia hadi mwisho aghalabu haisahau. Basi ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu huyu, ambaye kitabu chake cha nadharia kinaieleza kazi ya sinema kuwa ni uchongaji wa wakati, alijistarehesha kwa chombo ambacho dunia nzima ilikijua kwa sifa moja tu, nayo ni haraka: kamera ya Polaroid, ile inayotema picha yake papo kwa papo.

Picha sitini alizozipiga kwa kamera hiyo, nyumbani Urusi na ugenini Italia, baina ya mwaka 1979 na 1984, zimo katika kitabu Instant Light: Tarkovsky Polaroids, ambacho toleo lake la Kiingereza lilichapishwa London mwaka 2004. Dibaji ni ya Tonino Guerra (1920–2012), mshairi aliyetunga kwa lahaja ya kwao Romagna asiione haya mbele ya Kiitalia cha shuleni, na ambaye ndiye aliyeshirikiana na Tarkovsky kuiandika Nostalghia. Guerra anasimulia mambo mawili. La kwanza ni kwamba alipofunga ndoa Moscow mwaka 1977, Tarkovsky alitokea arusini na kamera ya Polaroid aliyokuwa ndiyo kwanza ameijua, akawa anaitumia kwa furaha kubwa miongoni mwa wageni. Shahidi mwenziwe wa ndoa alikuwa Michelangelo Antonioni, mwongozaji wa Kiitalia, naye pia mpenzi wa kamera hizo. La pili linamhusu Antonioni huyo. Alipokuwa Uzbekistan akitafuta mahali pa kupigia filamu ambayo hatimaye haikupigwa, aliwapiga picha wazee watatu wa Kiislamu, akataka kuwazawadia. Mkubwa wao aliitupia jicho, akairudisha, akauliza kuna faida gani kuusimamisha wakati.

Swali hilo lina uzito kuliko kurasa nyingi zilizoandikwa juu ya picha hizi. Msomaji wa pwani huenda akadhani upesi kwamba ni ule mjadala wa zamani wa uharamu wa picha, uliowahi kuzigawa baraza nyingi. Lakini kwa jinsi Guerra anavyolisimulia, mzee hakutaja halali wala haramu. Aliuliza faida. Ni swali la mfanyabiashara, na ni swali la mshairi vilevile. Na yeyote anayetumia pesa zake na jioni zake kwa kamera ya namna hii, ambayo kila kubonyeza kuna gharama yake, hana budi kuwa na jibu.

Chombo chenyewe, kwa mujibu wa masimulizi ya aliyekibuni, kilizaliwa kwa swali la mtoto. Mwaka 1943 Edwin Land alikuwa mapumzikoni Santa Fe, Marekani, na bintiye wa miaka mitatu akamuuliza kwa nini hawezi kuiona sasa hivi picha aliyopigwa. Land aliwaonyesha wataalamu uvumbuzi wake mjini New York mwezi Februari 1947, na Novemba 1948 kamera ya kwanza ikauzwa dukani Boston. Picha za mwanzo zilitaka kubanduliwa karatasi baada ya kuhesabu sekunde. Kamera ya SX-70, ya mwaka 1972, ndiyo iliyoleta ile picha ambayo leo hata mtoto anaitambua: ya mraba, yenye ukingo mweupe, mpana upande wa chini, iliyojikamilisha yenyewe ndani ya ngozi yake. Mtoto alitaka kujua kwa nini isiwe sasa, na mzee akataka kujua kwa nini iwe hata kidogo. Baina ya maswali haya mawili ndipo starehe yote ya kamera hii ilipo.

Ule ukingo mpana si pambo. Mna vifuko vyenye uji wa dawa, na picha inapotoka hubanwa baina ya roli mbili ndogo za chuma, zikavipasua vifuko na kuusambaza uji katikati ya matabaka ya filamu. Katika uji huo mna kiza, yaani dawa inayoikinga picha na mwanga wa nje hata imalize kazi yake, na mna weupe ambao rangi hupanda juu yake polepole kutoka chini zilikolala. Kwanza huonekana ukungu, kisha kivuli, kisha mstari wa paa au wa bega, na uso huja mwisho. Filamu zinazotengenezwa leo hutaka dakika kama kumi hadi kumi na tano. Wale wanaoipungapunga picha hewani ati ikauke upesi wanafuata mazoea ya zama za picha za kubandua. Picha ya SX-70 haina cha kukauka, na kuikunjakunja ni kuiharibu. Inataka kulazwa kifudifudi, mahali pasipo jua, iachwe.

Kwa hivyo kuiita kamera hii ya haraka ni kuikosea. Simu ya mkononi ndiyo ya haraka. Kamera ya papo kwa papo haimpi mtu picha. Humpa miadi na picha, na wakati wa kungoja humlazimisha kusimama mahali pale pale alipopigia, akikitazama kwa macho yake kile ambacho kipande cha filamu kinajaribu kukikumbuka. Hapo pana mlinganisho usiopatikana kwa kamera nyingine yoyote ya filamu: picha na kitu chake zipo pamoja, mbele ya mtu mmoja, kwa mwanga ule ule. Mpigaji huona mara moja kwamba bahari haikuwa na rangi ile, kwamba ukuta umekuwa wa manjano zaidi, na kwamba aliyekuwa anacheka hacheki tena.

Tena chombo kina tabia zake, na mpenzi wake huzizoea kama mtu anavyozizoea tabia za mpishi mzuri mwenye hasira. Filamu ya leo hupenda joto la baina ya nyuzi 13 na 28 za Selsiasi. Kwenye baridi rangi hufifia na kuelekea samawati. Kwenye joto huelekea manjano na wekundu. Anayeishi ukanda wa pwani, ambako miezi ya Kaskazi joto huzipita kwa urahisi nyuzi 30, hupata jioni za dhahabu hata pale jioni yenyewe ilipokuwa ya kijivu, asipoiweka picha mahali pa baridi ingali changa. Filamu isiyotumika huwekwa ndani ya friji, si penye barafu. Haya ni mambo madogo, lakini starehe yoyote ya kweli imejaa mambo madogo, na asiyeyapenda huiacha baada ya pakiti ya pili.

Pakiti nayo ina hesabu yake. Zama za Tarkovsky ilikuwa na picha kumi. Ya Polaroid sasa ina nane. Mwenye simu hupiga arobaini kisha akachagua moja, aghalabu hata hachagui. Mwenye pakiti huchagua kwanza. Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili, maana mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita anajua maana ya kuingia ubeti akiwa amekwisha hesabiwa silabi zake, na anajua pia kwamba lile neno lililokataa kuingia ndilo mara nyingi lililomlazimisha kupata wazo bora. Hata hivyo isisemwe kwamba kikomo peke yake huzaa sanaa. Vina na mizani havimfanyi mtu mshairi, na ukingo mweupe haumfanyi mtu mpigapicha. Picha nyingi zaidi za papo kwa papo zilizopata kupigwa ni nyuso zilizochomwa weupe na mwanga wa flashi, na hazina thamani ila kwa wenyewe. Huo nao ni aina ya ushairi, lakini wa familia, na mhakiki hana ruhusa ya kuuingilia.

Za Tarkovsky zinaruhusu kuingiliwa. Zilizo bora ni zile za kwao, nyumba ya kijijini Myasnoye, katika mkoa wa Ryazan, alizozipiga kabla ya kuondoka. Yaliyomo ni machache kiasi cha kuhesabika kwa vidole: ukungu wa asubuhi, uzio wa mbao, mbwa, mkewe Larisa, mtoto wao wa kiume, maua dirishani. Hakuna tukio. Mwanga huja kutoka ubavuni au nyuma, kamwe si kutoka kwa kamera, na vitu vinakaa ndani yake kama vilivyo ndani ya maji. Ukungu huo unaifaa sana filamu hii, ambayo haiwezi kuvumilia weupe mkali na weusi mkali kwa pamoja. Mpigaji mwingine angengoja jua litoke, ilhali yeye aliamka mapema akakipiga kile ambacho chombo chake kinaweza kukisema. Huo ndio ustadi wa kwanza wa kitabu hiki, na ni ustadi wa mtu anayecheza, kwa sababu hapakuwa na mtayarishaji wala bajeti wala halmashauri ya dola iliyokuwa ikiusubiri ukungu ule.

Lakini yaliyofuata yanazigeuza picha hizi, na hapana namna ya kuzisoma bila kuyajua. Mwaka 1982 Tarkovsky alikwenda Italia kuipiga Nostalghia. Mtoto hakuruhusiwa kufuata. Mwezi Julai 1984, mjini Milan, yeye na mkewe walitangaza kwamba hawatarudi. Mtoto aliruhusiwa kutoka Januari 1986 tu, baba akiwa tayari na saratani ya mapafu. Kwa miaka hiyo yote ile nyumba, ule uzio, yule mbwa, vilikuwa kwa Tarkovsky vipande vya mraba visivyofika sentimita nane kila upande. Kile alichokipiga kwa mchezo kilikuja kuwa shahada yake pekee kwamba palikuwa na asubuhi kama ile. Yeye hakulijua hilo alipobonyeza, na ni heri hakulijua, maana picha inayopigwa ili ije iliwe kwa majonzi huwa na sukari nyingi.

Ndiyo sababu baadhi ya zile za Italia hazifikii daraja la zile za nyumbani. Ni nzuri, na pengine uzuri ndiyo ila yake. Magofu, vilima, dirisha lenye mwanga wa kuvuka, maua katika chombo: mtu huona kwamba mpigaji amekwisha jua picha yake inapaswa kufanana na nini, na anaitafuta Urusi ndani ya vitu vya wenyeji wake. Kuna kurasa ambapo msomaji angetamani doa moja, mguu wa meza uliokatwa vibaya, kitu chochote kisichoombwa. Hata hivyo, kutoka katika utafutaji huo huo ndipo ilipotoka picha ya mwisho ya Nostalghia, ambamo nyumba ya mbao ya Kirusi imekaa, pamoja na mtu na mbwa wake, ndani ya kuta za kanisa la kale la San Galgano lisilo na paa. Nyumba ya kwao ndani ya fremu ya ugenini. Aliyekwisha ziona picha za Myasnoye, kisha akaitazama fremu hiyo ya mawe, hawezi kukosa kuukumbuka ule ukingo mweupe.

Je, mzee wa Uzbekistan amejibiwa? Bado. Kwamba picha ilimfaa mtu uhamishoni ni kweli, lakini mzee angeweza kusema kwamba ilimzidishia maumivu. Walker Evans, mpigapicha wa Marekani, alikuwa amekaribia miaka 70 alipoichukua SX-70 mwaka 1973, naye alishikilia kwamba mtu asiiguse Polaroid kabla ya kupita miaka sitini. Alipiga nayo zaidi ya picha 2,600 kabla ya kufariki 1975, nyingi za herufi za mabango, vipande vya maandishi barabarani, na nyuso za karibu. André Kertész, mzaliwa wa Hungaria, alianza akiwa na miaka 85, mwaka 1979, miaka miwili baada ya kufiwa na mkewe Elizabeth. Alinunua sanamu ndogo ya kioo ya kichwa na mabega iliyomkumbusha marehemu, akaiweka dirishani kwake New York, akawa anaipiga siku baada ya siku, mwanga ukiipenya na majengo ya mji yakijipinda ndani yake. Kitabu chake cha picha hizo, From My Window, kilitoka 1981, kwa heshima ya marehemu. Wazee hawa wawili hawakuusimamisha wakati. Walikuwa na muda mchache, wakautumia kusubiri picha moja moja. Huenda hilo ndilo jibu lililo karibu zaidi na kiti cha mzee yule: faida haimo katika picha aliyorudishiwa Antonioni, imo katika zile dakika walizosimama wote wanne kuingojea, wazee watatu na mgeni mmoja, wakitazama kipande kimoja cha karatasi kikipata sura. Baada ya hapo mzee alikuwa na haki ya kuirudisha. Alikuwa amekwisha chukua fungu lake.

Lakini yupo aliyepigwa picha ya namna hii bila kuulizwa wala kupewa nafasi ya kuirudisha. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili wa kampuni ya Polaroid nchini Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya kampuni yao ilikuwa ikitumika kupiga picha za vile vitambulisho ambavyo Waafrika wa Afrika Kusini walilazimishwa kutembea navyo chini ya ubaguzi wa rangi. Walianzisha mgomo na wito wa kususia bidhaa hizo, na mwaka 1977 kampuni ikavunja uhusiano wake wa kibiashara na nchi ile. Upesi ule ule, na kule kukamilika papo hapo mbele ya mpigwaji, kulimfaa askari kama kulivyomfaa mshairi. Sifa za chombo hazimtetei anayekitumia. Waandishi wanaoisifu kamera hii kana kwamba ina upole wa kuzaliwa nao wangefanya vyema kukikumbuka kitambulisho kile.

Limebaki jambo la kitabu chenyewe. Picha ya SX-70 haina negativu. Kila moja ni kitu kimoja, chenye unene wake, ngozi yake inayong'aa, na pengine alama ya kidole. Kuchapisha maelfu ya nakala za picha sitini zisizo na pacha ni kitendo chenye utata, na wapo wanaosema kwamba ni usaliti. Ndani ya Nostalghia mna mjadala wa namna hiyo hiyo. Mhusika mkuu, Gorchakov, ni mshairi wa Kirusi anayesafiri Italia na mkalimani mwanamke. Mkalimani anasoma mashairi ya Arseny Tarkovsky kwa Kiitalia, na mshairi anamwambia akitupe kitabu, kwani ushairi haufasiriki. Baadaye kitabu kinaungua. Arseny huyo ni babake mwongozaji, na kinaya kilichomo ni kikubwa kuliko kinavyoonekana: kwa miaka mingi baba huyo aliendesha maisha kwa kufasiri washairi wa Georgia, Armenia na Turkmenistan, na diwani yake mwenyewe ya kwanza haikutoka hata 1962, akiwa na miaka 55. Kama ushairi haufasiriki, basi nyumba ile ilijengwa kwa mkate wa jambo lisilowezekana.

Nakala za kitabuni ni tafsiri. Zimepoteza mng'ao na uzito, na katika baadhi ya kurasa weusi umekuwa mzito kuliko uvumilivu wa jicho. Mwanga haukupotea. Wahariri wameziacha picha na ukingo wake mweupe, uamuzi wa busara, maana kuukata ukingo ule kungekuwa sawa na kuandika shairi kwa mfululizo kama barua. Pia wamezipa nafasi: picha moja, ukurasa mmoja, pasi na maelezo ya kumsukuma msomaji.

Filamu aliyoitumia Tarkovsky haitengenezwi tena. Kampuni ilitangaza kuacha mwaka 2008, na kikundi cha waliokataa kiliikomboa mitambo ya kiwanda cha Enschede, Uholanzi, kikaanza upya kutoa filamu mwaka 2010 kwa dawa tofauti, kwani za kale hazikupatikana tena. Filamu za kwanza zilitoka na madoa na rangi zisizotabirika, na walikuwapo walionunua kwa sababu hiyo hasa. Leo zimetengenea, na jina la Polaroid limerudi katika makasha. Asili za Tarkovsky zilibaki kwa warithi wake. Kitabu kimehaririwa na mpigapicha Giovanni Chiaramonte pamoja na Andrei A. Tarkovsky, ambaye ndiye yule mtoto wa Myasnoye aliyesimama penye ukungu na mamake na mbwa, akiingoja picha itoke.